Tulioiva kwa Karatasi

Nyinyi mliobaki bohari mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimecheka peke yangu. Mnanijua, nilikuwa nasahau hata miwani iliyo kichwani, na leo ndiyo mnataka historia. Lakini sawa. Nina muda, nina chai, na binti yangu ameenda kazini kwake Al Rigga, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha. Habari za mshahara sitaandika, maana ni ule ule wenu. Vyeo pia sitaandika, kwa sababu vyangu vyote nilipewa siku nilipokuwa karibu kuacha kazi. Nitaandika habari za ngoma na umri, na za pacha wawili walionigombanisha na paspoti.

Nilianza kama mlinzi. Kampuni ya ulinzi ilinitoa kwenye geti moja lenye kivuli, ikanipeleka Jebel Ali, bandari ya huku kwa Waarabu, kulinda bohari ambalo ndani yake kulikuwa na feni na paka tu. Siku ya kwanza supavaiza akanipigia simu. "Mama Zippy, leo kuna container inakuja ya drums. Kaa chonjo."

Sasa mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu dramu ni pipa. Kuna dramu ya maji, kuna dramu ya mafuta, na kuna dramu ya pombe ya busaa kama chifu hayupo. Na kwa kuwa hapa ni bandarini, nikajua dramu hizi haziwezi kuwa za maji. Ni kemikali. Nikajiandaa kama mtu mwenye akili timamu. Nikaazima mitungi ya kuzimia moto kwa majirani, nikabandika karatasi ya kukataza sigara, nikavaa glavu na barakoa, na wapakuzi walipofika nikawaamuru wazime simu. Kontena likafunguliwa polepole, wanaume wazima wameziba pua. Ndani kulikuwa na ngoma nyeupe zinazong'aa, zimevishwa plastiki kama keki za harusi.

Mwenye mali alikuwa amesimama nyuma yangu. Huyo ndiye Sir Kurian mnayemfahamu, mtu wa Kerala, wakati huo akiwa bado na nywele. Akanitazama kuanzia glavu mpaka barakoa.

"Mama, hii yote ni ya nini?"

"Safety, sir."

Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Kisha akaniomba kwa kampuni ya ulinzi, akaniajiri yeye mwenyewe kwenye biashara yake ya kukodisha ngoma, iliyokuwa na kikosi chake cha mashindano. Alisema mtu anayelinda bohari tupu kwa bidii ile hawezi kumpoteza. Basi ndivyo nilivyoingia kwenye ngoma, kwa kosa la Kiingereza.

Kwa wale wapya niseme kidogo. Kikosi cha ngoma cha mashindano si bendi ya harusi. Hakuna anayekaa. Mpigaji anabeba ngoma kwa fremu ya mabegani na anapiga huku anatembea kwa mpangilio, mbele, nyuma, na kiubavuubavu kama kaa, bila kugeuza uso. Majaji wanaangalia miguu na kusikiliza mikono. Safu nzima ya wapiga snea, yaani zile ngoma ndogo zenye waya chini, ikigonga mara moja, sikio linatakiwa lisikie mtu mmoja. Wakisikika wawili mmeshapoteza alama. Wakisikika watatu, Sir Kurian anatoka nje kutafuta hewa.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Suleiman, fundi wa ngoma, Mzanzibari ambaye ukoo wake ulifika huku zamani na ukakataa kubadilisha Kiswahili chake. Mkali kama pilipili, na kahawa haikukauka mkononi mwake. Nilipokaza ngozi ya ngoma mara ya kwanza, nilianza skrubu moja nikaendelea na ya jirani, nikazunguka hivyo hivyo.

"Bibi wee," akasema, "unakaza ngoma au unafunga kitanda? Kaza hapa, kisha nenda ng'ambo ya pili, kisha rudi huku. Ukiifuata duara hivyo ngozi inalala upande."

Hilo ndilo somo la kwanza, na bado naona baadhi yenu mnafunga kitanda. La pili: ngoma ikitoka kwenye AC kwenda juani, iacheni ipumzike kivulini kwanza, ndipo muikaze, la sivyo mtaikaza tena baada ya nusu saa. La tatu ni kwamba si kila mtu ni mpigaji. Bwana Suleiman alinipa vijiti siku moja, akasikiliza kidogo, akavichukua taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akasema nina mikono ya kukanda mandazi. Nikapewa stoo na usajili wa wanachama.

Usajili ndio ulionizeesha. Daraja tuliloshindania ni la vijana, na sheria yake ni fupi. Siku mashindano yanapofunguliwa, mpigaji asiwe ametimiza miaka ishirini na miwili. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na Sir Kurian akaniambia niwatangazie watu wangu kwa lugha yao. Nikaingia kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Wakenya, Waganda na Watanzania, nikaandika hivi: VIJANA WANATAKIWA KUPIGA NGOMA. JEBEL ALI, IJUMAA MCHANA. NJOONI NA PASPOTI.

Wakaja. Kijana wa kwanza alikuwa na upara. Wa pili aliniomba kiti kwa sababu ya mgongo. Wa tatu akanionyesha picha ya mwanawe wa kidato cha pili. Nikawaambia kwa heshima kwamba tulitaka vijana. Wakasema ndio wao.

"Mama, serikali yetu inasema kijana ni mpaka thelathini na tano," alisema yule mwenye upara. Huyo ni Baba Chebet, mlinzi wa mnara mmoja huko Marina, mtu wa Kericho. "Mimi nimebakisha miezi. Sasa mbona unataka kunizeesha kwa nguvu?"

"Kwetu Uganda ni thelathini," akasema mwingine kwa huzuni, kwa kuwa yeye alikuwa na thelathini na moja.

Mtanzania mmoja akasema kwa upole kwamba kwao yuko kiongozi wa vijana mwenye mvi na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sir Kurian akatoka ofisini na kuuliza watoto wako wapi. Nikamwonyesha. Akarudi ofisini akafunga mlango. Wale wanaume niliwapa soda baridi na kuwasindikiza mpaka stesheni ya metro, na Baba Chebet akanigeukia kabla ya kupanda ngazi. "Mama, hivi umetufukuza, iko siku utatutafuta."

Baada ya hapo niliandika miaka kwa tarakimu, na neno kijana sikuligusa tena. Wakaja wenyewe: wahudumu wa hoteli, wauzaji wa madukani, walinzi wachanga, watoto wa madereva waliokulia hapa hapa. Wengi walikaa Discovery Gardens, kitanda juu ya kitanda, na wenzao chumbani walikuwa wanawachukia kwa kugonga gonga ukutani. Na kila mmoja alikuwa na hadithi ya umri. Mmoja alizaliwa mwaka wa mvua. Wengi walizaliwa tarehe moja Januari, maana karani alichoka kuuliza. Mwingine akaniambia paspoti inasema ishirini na tatu lakini moyoni ana kumi na tisa. Nikaona nikianza kusikiliza hadithi sitamaliza, nikatunga msemo wangu ambao nyote mliuchoka: "Hapa mama yako ni paspoti. Yeye ndiye anajua alikuzaa lini." Mtu akianza kueleza habari za chifu, mkunga na mafuriko, nasema paspoti ndiyo mama, nageukia anayefuata. Ulinisaidia sana msemo huo, na sikuuonea haya mpaka siku nitakayosimulia.

Neno la pili lilitoka kwa Bwana Suleiman. Mwanachama wa kwanza kupitisha umri alikuwa msichana mpiga tena, zile ngoma za sauti ya kati, na alilia sana. Tukawa tunatafuta namna ya kumwambia bila kusema amezeeka, maana ni tusi kumwambia hivyo mtu wa miaka ishirini na miwili mbele yangu mimi. Bwana Suleiman akapuliza kahawa yake. "Huyu kashaiva," akasema, "mwipueni, mnamlilia nini?" Yule msichana akacheka katikati ya machozi. Tangu siku hiyo kwetu hakuna aliyezidi umri. Watu huiva. Siku ya mwisho ya msimu walioiva hugonga ngoma zao peke yao, kila mmoja pigo moja, kisha wanavua fremu. Mimi ambaye sina subira na mambo ya kulia nililia kila mwaka, na kila mwaka nilisingizia vumbi.

Sasa nije kwa pacha. Nakato alikuja kwanza. Ni Mganda, mfanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja Deira, mfupi, kimya, na mikono yake ilikuwa na haraka ambayo sijaiona tena. Alijifunza ngoma kwenye bendi ya shule ya misheni kwao. Alipopiga mara ya kwanza, Bwana Suleiman aliweka kikombe chini, na hilo hakuwa akilifanya kwa mtu. Nikamwomba paspoti. Ilisema ana ishirini na minne. Nikamwambia pole, paspoti ndiyo mama. Akaitikia, hakubishana, akauliza kama anaweza kukaa awafundishe wanaojifunza. Akakaa. Ijumaa baada ya Ijumaa alisimama pembeni akiwafundisha wengine kupiga kile ambacho yeye mwenyewe haruhusiwi kukipiga uwanjani.

Mwaka uliofuata akaleta dada yake, aliyekuwa amefika nchini kufanya kazi mgahawani. Nilidhani ni yeye amebadilisha nywele. Sura ile ile, sauti ile ile, hata namna ya kuegemea mlango. Nikachukua paspoti. Jina, Babirye. Umri, ishirini na mmoja.

Kalamu ikanitoka. Kila anayejua Waganda anajua kwamba majina hayo hayapewi ovyo. Babirye ni pacha wa kike aliyetangulia kutoka, Nakato ni aliyemfuata. Yaani hapa mbele yangu kuna pacha wawili, na yule mdogo anamzidi yule mkubwa kwa miaka minne.

Nikamwita Nakato stoo, nikafunga mlango. "Mwanangu, mama yenu alimzaa wa pili miaka minne kabla ya wa kwanza?"

Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Mama, mimi nimezaliwa mara mbili. Mara ya kwanza na Babirye. Mara ya pili na agent." Alipotaka kuja kufanya kazi za nyumbani, wakala alimwambia ni mdogo mno, madam hatamchukua, wala sheria haitamruhusu. Wakala akarekebisha mambo. Nakato akapanda ndege akiwa na miaka ya mtu mwingine, na viza yake, kitambulisho chake na kazi yake ya hoteli vyote vimejengwa juu ya miaka hiyo. "Mimi sitaki shida," akasema. "Lakini mama, sijawahi kupiga gwaride na dada yangu tangu tuko shule. Na yeye mwaka huu ndio anaiva. Nilitaka tu mara moja."

Hapo ndipo nilipouonea haya msemo wangu. Nilikuwa nimemtolea yule binti mwaka mzima, naye akaendelea kuwafundisha wenzake. Ikabidi nimwambie jambo ambalo hapa sikuwa nimemwambia yeyote. Mimi nilikua mrefu upesi. Baba yangu aliponipeleka kwa chifu kutafuta kitambulisho, chifu alinitazama kwenda juu, akaandika mwaka kulingana na urefu. Mtoto wa mwisho kwetu nikawa sawa na kaka yangu wa tatu. "Kwa hiyo," nikamwambia, "hata mimi nina mama wa kambo."

Tatizo lilikuwa hivi. Kwa haki, Nakato alistahili kupiga daraja la vijana, na mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Lakini ili nimwingize ningelazimika kusema paspoti yake ni ya uongo, na nikisema hivyo mbele ya meza ya usajili nimemmaliza. Nikinyamaza, yuko salama na yuko nje. Niliulizia kwa wanaojua mambo ya viza, bila kutaja mtu. Wote walinipa jibu moja: aache, atarekebisha siku akirudi kwao kwa utaratibu, asiiguse akiwa hapa.

Babirye naye alikuwa na dawa yake. Akanijia na uso wa malaika. "Mama, tukivaa kofia nani atajua? Yeye apige kwa kadi yangu. Anapiga kuliko mimi. Mimi nitakaa kwa basi."

"Mimi nitajua."

"Wewe ni mtu wetu."

"Na Madam Pilar?" Huyo alikuwa mkuu wa usajili wa mashindano, Mfilipino, mwanamke mpole mwenye macho yanayosoma mpaka lebo ya ndani ya shati. "Akishuku kidogo tu ataomba paspoti zenu zote mbili aziweke mezani. Hapo ndipo itaonekana nani kazaliwa lini. Unataka kumficha dada yako kwa kumpeleka mbele ya taa?" Babirye hakuwa amefikiria hivyo, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefikiria hivyo wakati nikisema.

Aliyeleta jawabu ni Bwana Suleiman, tena kwa hasira, maana alikuwa amechoka kuniona nikizunguka stoo nikikaza ngoma ambazo zimeshakazwa. "Zippora, umesoma ukurasa mmoja tu wa sheria zao? Nyuma huko pana daraja la wazi. Mtoto, mzee, mwenye meno, asiye na meno, wote ruhusa. Hawaulizi miaka. Mpeleke huko."

"Peke yake? Apige na nani?"

"Mie n'najua? Mie fundi."

Daraja la wazi tulilidharau sote. Tuliliita kwa wazee. Na sheria ilikuwa kikosi kimoja, daraja moja: ukienda huko huwezi kubaki huku. Sisi tulikuwa tumejenga daraja la vijana kwa miaka, mwaka ule kila mtu alisema kikombe ni chetu, na Sir Kurian alishatoa kabati la kukiwekea. Sikuthubutu hata kuuliza. Niliulizwa.

Ilikuwa Ijumaa, mlango wa bohari umefunguliwa nusu ili upepo uingie, jasho linatiririka. Oduor, kiongozi wa safu ya snea, mlinzi wa duka moja kubwa na mwenye mdomo kuliko wote, akaweka vijiti chini. "Mama, tunajua. Hii stori ya Nakato. Babirye ametuambia."

"Babirye ana mdomo."

"Sasa si twende tu open? Wote. Form ni gani, unaonaje?"

Nikamtazama. Oduor mwenyewe alikuwa na ishirini na mmoja. Ule ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na alikuwa ameusubiri tangu alipokuja akipiga meza kwa vijiko. "Oduor, wewe unaiva mwaka huu. Ukienda kwa wazee, kikombe cha vijana hutakigusa tena maishani."

"Najua."

"Unajua?"

"Mama, huyu dem ndiye alinifundisha hizi roll zote. Kila Ijumaa. Alikuwa anasimama tu hapo kando kama mtu wa kuuza maji." Akaviokota vijiti vyake. "Siwezi kushika kikombe cha mikono yake na yeye amekaa huko kwa bleachers na watazamaji. Hiyo hapana. Khalas."

Nikauliza nani mwingine. Nilitarajia angalau wachache wabishe, nipate pa kujificha. Wakagonga ukingo wa ngoma, wote kwa pamoja, na sauti ikawa ya mtu mmoja. Nakato alikuwa amesimama kando ya feni, kitambaa cha kufutia ngoma usoni. Mimi nikasema kuna vumbi.

Kwenda kwa Sir Kurian ilikuwa kazi yangu. Sikumweleza habari za paspoti, kwa sababu mambo mengine tajiri anafaidika kutoyajua. Nilimwambia watoto wanataka daraja la wazi. Akauliza kama nina homa. Nikamwambia daraja la wazi lina vikosi vichache, wengi ni mababa wenye vitambi, na kikombe ni kikombe, hakiandikwi umri. Akalitazama kabati lake. "Mababa wenye vitambi?" akauliza tena.

"Wallahi, sir." Mimi ni Mkristo, lakini huku mtu anaapa kwa kinachofanya kazi.

"Yalla. Mkishindwa, kabati unalibeba wewe."

Siku ya mashindano nilipeleka orodha kwa Madam Pilar. Nakato na Babirye walisimama nyuma yangu wamevaa sare, kofia, manyoya mekundu, huwezi kuwatofautisha hata kwa mizani. Madam Pilar akawatazama mmoja, akamtazama wa pili, akatabasamu. "Twins?"

Nikasema ndiyo.

"So sweet," akasema, akagonga muhuri. Akafunua ukurasa. Hakuomba kitu. Daraja la wazi halikuuliza.

Wakaingia uwanjani. Sina maneno mazuri ya kueleza hayo, nitasema nilivyoona. Bwana Suleiman na mimi tulisimama kwenye uzio. Pacha walikuwa katikati ya safu, bega kwa bega, na palipofika sehemu ya polepole, ambapo snea mbili tu hupiga na wengine wote wananyamaza, waliipiga wao. Sikusikia wawili. Nilifunga macho makusudi nikitafuta wa pili, sikumpata. Bwana Suleiman alisema, "Hawa ndio waliozaliwa siku moja," akapenga kamasi kwa kishindo.

Tukashindwa.

Naam. Kikosi cha mwisho kuingia kilikuwa cha wanaume wazima, wamevaa fulana za kijani zilizobana tumboni, na mbele yao, akiwa na ngoma kubwa na upara unaong'aa, Baba Chebet. Wale vijana wangu wa kwanza, niliowapa soda na kuwapeleka metro. Hawakurudi nyumbani kulala. Walikuwa wamekodi ngoma, tena kwetu, mimi mwenyewe nikiwatolea stoo nikidhani ni za harusi, wakafanya mazoezi miaka yote hiyo nyuma ya gereji moja. Walipiga bila kukimbia, bila mbwembwe, kama watu wanaojua wanakokwenda na hawana haraka ya kufika. Walitupita kwa kidogo sana. Baba Chebet alinifuata na kikombe mkononi, jasho linamtiririka kichwani.

"Mama, si ulikuwa unatafuta vijana?"

Sir Kurian alininunia mpaka Ramadhani ikaingia. Kabati nililibeba mimi, na sasa lina sufuria zangu. Oduor alivua fremu yake siku ile na wenzake walioiva, akagonga pigo lake moja, na hajawahi kuniambia anajuta. Nilimuuliza mara kadhaa, kwa sababu mimi nilijuta kwa niaba yake. Nakato alivua yake pia. Kwa paspoti alikuwa ameiva zamani. Lakini aligonga pigo lake pamoja na Babirye, kwa wakati mmoja, na kila mtu alielewa wameiva siku moja kama walivyozaliwa.

Miaka ikaenda. Bwana Suleiman alifariki, Mungu amrehemu, na ufunguo wake wa kukazia ngoma ndio ule uliofungwa kwa kamba nyekundu. Msiupoteze. Nakato alirudi kwao, akanyoosha karatasi zake kwa utaratibu, akaja tena na miaka yake mwenyewe, safari hii kama mwalimu wa kikosi. Nilipoanza kuchoka nilimfundisha na usajili. Alikuwa mkali kunipita. Nilimsikia akimwambia mvulana mmoja habari za mama na paspoti kwa sauti yangu kabisa, mpaka na kikohozi changu.

Ndipo zamu yangu ikafika. Sera ya kampuni ni miaka sitini, na paspoti yangu ikatimiza sitini. Mimi mwenyewe, kwa hesabu ya mama aliyenizaa, bado. Nilikuwa na nguvu zangu, magoti yangu, na msimu mzima mbele yangu. Nikaenda mezani kwa Nakato na hotuba niliyoiandaa kwenye metro. Nikaanza habari za chifu, na urefu wangu, na kaka yangu wa tatu.

Aliniacha nimalize. Kisha akakunja mikono. "Mama," akasema, "hapa mama yako ni paspoti."

Bohari zima likalipuka kwa kicheko. Mlikuwepo, mlicheka sana, nawakumbuka mmoja mmoja. Nilicheka na mimi, halafu nikaenda stoo, nikakaa juu ya boksi, nikalia, na safari hii sikusingizia vumbi. Si kwa kustaafu. Ni kwamba nilipitisha watu wengi sana kwenye mlango wa kuiva nikidhani mimi ni mlango, kumbe na mimi ni wa kupita.

Nakato akanifuata na karatasi. Akakaa chini sakafuni mbele yangu, akaiweka juu ya goti.

"Jina?"

"Nakato, acha mchezo."

"Jina, mama. Kuna watu wanangoja."

"Zippora Nasimiyu."

Akaandika. Nikasubiri swali la pili, lile nililouliza watu kwa miaka yote hiyo. Akageuza karatasi nione. Juu ilikuwa imeandikwa daraja la wazi, kikosi kipya cha walioiva, na chini ya jina hapakuwa na nafasi ya kitu kingine chochote.

"Lakini nina mikono ya mandazi," nikamwambia.

"Tunajua," akasema, akainuka akaniletea matoazi.